Beki Aliyekuja Kuwa Mwalimu

Jioni hapa Soweto, Mbeya, vijana wakigawana namba kabla ya mpira kuanza, kila mmoja anataka kufunga. Beki wa kulia anapewa aliyechelewa kufika. Basi leo namzungumzia beki wa kulia, Shadrack Nsajigwa.

Tarehe 12 Desemba 2010, fainali ya Kombe la Chalenji jijini Dar es Salaam, Taifa Stars ilipata penalti dhidi ya Ivory Coast. Aliyeipiga hakuwa mshambuliaji, alikuwa ni nahodha Nsajigwa. Bao likawa hilo hilo moja, na kombe likarudi Tanzania Bara baada ya miaka 16.

Kwa nini beki aje kuwa kocha? Mshambuliaji huwapa mgongo wenzake, lakini beki anawaona wote mbele yake. Ndiye anayepiga kelele: rudi, panda, mkabe yule! Kwa dakika 90 anapanga watu. Kocha naye hupanga watu, ila beki akipitwa anaweza kukimbia akafidia. Kocha yuko benchi, mikono mitupu.

Nsajigwa alikuwa msaidizi wa George Lwandamina pale Yanga, kisha msimu wa 2019/20 akawa kocha wa Lipuli, kwa jirani zetu Iringa. Lipuli iliyocheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 ilishuka daraja mwaka 2020. Mimi simtupii yeye lawama: timu za mikoani huuza wachezaji kabla kocha hajayazoea majina yao.