Shorobo wa Ruwenzori na jina lake linalohamahama

Shorobo wa Ruwenzori ni ndege wa misitu ya milimani, kijani na bluu, mwenye urefu wa sentimita 45 hivi na doa jekundu kifuani. Akitulia kati ya majani huweza kupitwa bila kuonekana. Akiruka, mabawa hufunguka na kuonyesha wekundu.

Jina lake la kisayansi lilitolewa mwaka 1901 na Richard Bowdler Sharpe wa Jumba la Makumbusho la Uingereza: Gallirex johnstoni. Johnston huyo ni Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza nchini Uganda. Mwaka uleule okapi wa Kongo naye alipewa jina la johnstoni, tena kwa kuanzia aliwekwa kwenye jenasi ya farasi na punda milia.

Neno la pili, linalotambulisha spishi, limedumu. La kwanza, la jenasi, ndilo lililohangaika. Mwaka 1903 Mjerumani Oscar Neumann alimwona ndege huyu ni wa pekee mno, akamwundia jenasi yake, Ruwenzorornis. Wataalamu wengine walimtia katika Musophaga. Orodha za karibuni, zikifuata ushahidi wa vinasaba, zimemrudisha Gallirex, pamoja na shorobo mwenye kishungi cha zambarau anayejulikana Tanzania. Uhamisho huu huacha alama ndogo: spishi ikihamishwa jenasi, jina la aliyeieleza hufungwa katika mabano. Kwa hiyo Sharpe aliandikwa ndani ya mabano kwa miaka mingi. Sasa mabano yameondolewa.

Spishi hii ina nususpishi mbili, na zote ziko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Gallirex johnstoni johnstoni yuko Ruwenzori, upande wa Beni. Gallirex johnstoni kivuensis, aliyeelezwa na Neumann mwaka 1908, yuko kwenye volkano za Virunga, kaskazini mwa Goma, na katika milima mingine ya Kivu. Usoni ndipo pa kuwatofautisha: yule wa Ruwenzori ana ngozi tupu mbele ya jicho, wa Kivu ana manyoya mahali hapo.

Ngazi za juu za uainishaji nazo zilileta ubishi. Kwa muda mrefu shorobo waliwekwa katika oda moja na kekeo, hasa kwa sababu ya miguu, maana kidole chao cha nje huweza kugeuzwa nyuma. Rangi zao hazikukubaliana na mpango huo. Wekundu wa mabawa hutoka kwenye rangi iitwayo turasini, ambayo Arthur Church aligundua mwaka 1869 kuwa ina shaba ndani yake. Ukijani nao ni rangi halisi iliyomo kwenye unyoya, ilhali kwa ndege wengi ukijani hutokana na jinsi unyoya unavyoakisi mwanga. Kekeo hawana turasini. Siku hizi shorobo, spishi zipatazo 23, wana oda yao wenyewe, Musophagiformes, na wote ni wa Afrika.