“Mali Ikishauzwa Hairudishwi”: Maneno Haya Yana Uzito Gani?

Chukua risiti ya duka lolote la vyombo vya umeme hapa Nairobi, iwe ni ya Luthuli Avenue au ya duka la mtaani kwako, kisha usome maandishi ya chini kabisa. Mara nyingi utakuta wameandika: “Mali ikishauzwa hairudishwi.” Wenye maduka wengine hawatosheki na risiti, huyabandika maneno hayo ukutani kwa herufi kubwa. Tumeyaona kwa miaka mingi hata wengi wetu tumeamini kwamba ni sheria ya nchi. Katika mazungumzo ya juma hili nataka tuyaweke maneno hayo kwenye mizani, tuone yana uzito gani hasa.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alipokea zamu yake ya chama akanunua friji. Pesa hizo alikuwa amezingojea karibu mwaka mzima. Friji ilifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi taa ya ndani iliwaka kama kawaida lakini baridi hapakuwa, na samaki aliyokuwa amehifadhi wakaharibika. Aliniomba nimsindikize dukani. Kijana aliyemuuzia hakuwa na ubishi mwingi. “Mama, hapo mimi sina langu,” akasema. “Soma risiti. Mali ikishauzwa hairudishwi. Nenda kwa wenye kampuni.” Yule mama akamjibu kwa upole: “Kijana wangu, pesa nilikupa wewe. Wenye kampuni siwajui wala hawanijui.”

Bila ya kusoma kitabu chochote cha sheria, jirani yangu alikuwa ametaja msingi wa jambo lenyewe. Mapatano ya kununua na kuuza ni kati ya watu wawili: aliyetoa pesa na aliyezipokea. Kiwanda kilichoitengeneza friji kiko mbali, na huenda kina wajibu wake, lakini anayepaswa kukujibu kwanza ni yule aliyekuuzia.

Hebu sasa tuangalie sheria zenyewe. Tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni ya tangu 1931 na ilifuata ile ya Uingereza ya 1893. Sheria hiyo kongwe inasema kwamba kila anapouza mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, zipo ahadi zinazoingia katika mapatano hata kama hakuna aliyezitamka. Ahadi ya kwanza ni kwamba kitu kitalingana na maelezo yake. Ukiuziwa televisheni ya inchi 43, iwe ni ya inchi 43. Ukiambiwa simu ni ya kampuni fulani, isiwe ghushi. Ahadi ya pili ni kwamba kitu kitakuwa na ubora unaofaa kuuzwa, yaani kifanye ile kazi ambayo watu hununulia kitu kama hicho. Friji igandishe na pasi ipate moto. Ahadi ya tatu yahusu haja yako mahsusi. Ukimweleza muuzaji kwamba unataka mtambo wa sola wa kuendesha friji, nawe ukategemea ujuzi wake akuchagulie, basi atakachokupa kinapaswa kuiweza kazi hiyo.

Wenye maduka walikuwa na njia ya kuzikwepa ahadi hizo. Sheria ya 1931 iliwaruhusu wanaopatana kukubaliana kuziondoa, na ndipo maandishi ya chini ya risiti yalipopata nguvu. Lakini mambo yalibadilika. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, ilimpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa maelezo ya kutosha, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya bidhaa. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Sheria hii inasema waziwazi kwamba sharti lolote la kuziondoa au kuzipunguza zile ahadi za mnunuzi ni batili. Kwa hiyo yale maneno ya kwenye risiti hayamlindi tena mtu aliyeuza kitu kibovu, hata ayaandike kwa wino wa dhahabu.

Je, maana yake ni kwamba sasa kila kitu chaweza kurudishwa? La, hasha. Ukinunua redio leo, kesho ukaona ya jirani inapendeza zaidi, sheria ya mauzo haimlazimu mwenye duka aliyekuuzia kaunta kukurudishia pesa. Hapo maneno yake ya risiti yana haki ya kusimama. Vilevile, kasoro iwe ilikuwamo tangu siku ya kuuzwa. Simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji haikuuzwa ikiwa mbovu. Televisheni iliyoungua umeme ulipopanda ghafla usiku si deni la muuzaji. Tena anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Hii ndiyo sababu nasisitiza: kitu kikiharibika usikimbilie kwa fundi wa mtaani akifungue. Akishakifungua, muuzaji atasema ni fundi wako aliyekiharibu, nawe utakuwa umejinyang’anya ushahidi.

Kuna jibu jingine ambalo wanunuzi hupewa: “Lakini tulikijaribu hapa dukani, ukakiona kinafanya kazi.” Ni kweli kwamba sheria inamtaka mnunuzi awe macho. Ukikikagua kitu kabla ya kukinunua, huwezi baadaye kulalamika juu ya kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Kioo chenye ufa ulikiona. Kitufe kilichong’oka ulikiona. Lakini kuwasha televisheni kwa dakika tano hakuonyeshi kama itazimika ikishapata moto saa tatu mfululizo. Hakuna mnunuzi aliye na macho ya kuona ndani ya mota ya friji. Kasoro iliyofichika hubaki kuwa mzigo wa muuzaji.

Na ile karatasi ya dhamana, ambayo wengine huiita waranti, je? Dhamana ni nyongeza tu, haikuja kuchukua mahali pa sheria. Kiwanda kikikuahidi mwaka mmoja wa matengenezo ya bure, hiyo ni heri yako. Lakini muuzaji hawezi kukuambia kwamba kwa kuwa dhamana ni ya kiwanda, yeye amenawa mikono. Wala hawezi kusema kwamba dhamana ya dukani ni ya juma moja, hivyo siku ya nane huna haki yoyote. Hata kitu kilichokwishatumika, kama zile simu na televisheni zinazoletwa kutoka ng’ambo, kikiuzwa na mwenye duka kina ahadi hizo hizo, ingawa hakuna hakimu atakayekitarajia kiwe sawa na kipya.

Wakati mwingine hasara huwa ya watu wengi kwa pamoja. Wengi wetu twakumbuka mwisho wa Septemba 2012, simu ghushi zilipozimwa kwenye mitambo ya mawasiliano nchini. Mtu alilala ana simu, akaamka ameshika kipande cha plastiki. Wengi walinyamaza wakaenda kununua nyingine. Wachache walijiuliza kama yule aliyewauzia simu kwa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza alikuwa na deni nao. Deni alikuwa nalo, maana aliuza kitu kisicholingana na maelezo yake. Lakini dai lilihitaji risiti, na simu nyingi zilikuwa zimenunuliwa bila hata kijikaratasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa msomaji alikate na kuliweka. Haki ya kukirudisha kitu kibovu na kudai pesa zako zote haikai milele. Sheria inasema ukikaa na kitu kupita muda unaofaa bila ya kumwambia muuzaji kwamba unakikataa, utahesabiwa kuwa umekikubali. Ukishahesabiwa hivyo, waweza bado kudai fidia, na kwa jumla dai la mapatano lina miaka sita kabla ya kufungwa mahakamani, lakini kumrudishia friji yake huwezi tena. Sheria haikutaja muda huo ni siku ngapi. Hutegemea kitu chenyewe na mambo yalivyokuwa. Basi usiseme nitakwenda mwisho wa mwezi. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ufanye nini, basi? Kwanza, siku ya kununua, dai risiti yenye tarehe, jina la duka, aina ya kitu na namba yake. Kama ni simu, bonyeza *#06# hapo hapo dukani, uhakikishe kwamba namba inayotokea ndiyo iliyo kwenye kasha. Angalia pia alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Pili, kasoro ikitokea, acha kukitumia kitu hicho na urudi dukani upesi pamoja na risiti na kasha lake. Tatu, usitegemee maneno ya mdomo. Andika barua fupi: nilinunua kitu fulani tarehe fulani kwa bei fulani, kina kasoro hii, nakikataa na nataka pesa zangu au kitu kingine kizima. Baki na nakala. Muuzaji akipendekeza kukitengeneza, hiari ni yako. Ukikubali, mwambie aandike tarehe ya kukirudisha kikiwa kizima, na kwamba kisipopona haki yako ya kukikataa iko palepale.

Jirani yangu tulimwandikia barua ya namna hiyo, mistari minane tu. Ilitaja sheria ya 2012 na bei ya friji na ya wale samaki. Kijana wa duka aliisoma mara mbili, akampelekea tajiri wake. Siku ya nne mama akapigiwa simu aende achukue friji nyingine. Samaki hawakulipwa, naye aliamua kutowadai.

Si kila muuzaji atalegea hivyo. Asiposikia, yapo maofisi. Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya wateja waliodanganywa, na KEBS hushughulikia bidhaa zisizotimiza viwango. Juu ya hayo tunayo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na kufunguliwa Milimani mwaka 2021, kisha ikasambazwa katika miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, kiwango kilichowekwa 2020, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mtu aweza kwenda mwenyewe bila ya wakili. Kwa mwenye friji ya shilingi 40,000, ambaye zamani angetumia zaidi ya hizo kumlipa wakili, huo ni mlango uliofunguliwa.

Nawasikia wenye maduka wakinung’unika kwamba nawachongea. Sivyo. Mwenye duka naye ni mnunuzi. Alinunua kwa muuzaji wa jumla, naye ana njia ya kumrudia aliyempa mzigo mbovu, ikiwa hakutia sahihi mapatano ya kuiachilia haki hiyo. Akimfukuza mteja, yule aliyeingiza takataka nchini hapati hasara yoyote, ataleta kontena jingine. Lakini friji ikirudi dukani, kutoka dukani irudi ghalani, na kutoka ghalani imfikie mwenye kontena, ndipo takataka zitakapokoma kuletwa.

Ndugu msomaji, jioni ya leo tafuta risiti za vyombo ulivyonunua mwaka huu uziweke mahali pamoja. Zile zilizochapwa kwa karatasi inayofifia, zitoe nakala mapema, kabla wino haujaondoka na haki yako.