Chanzo, Chemchemi na Maji ya Ardhini

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zihusuzo maji ya ardhini, na hasa neno moja ambalo matumizi yake, kwa maoni yetu, huficha jambo ambalo wananchi hawana budi kulifahamu. Neno hilo ni chanzo.

Mtu akiulizwa chanzo cha maji ya kijiji chake, huonyesha kisima au chemchemi. Katika mazungumzo jibu hilo si kosa. Katika uandishi wa kitaalamu halitoshi, kwa kuwa hapo ndipo maji yanapoonekana, sipo yanapoanzia. Tuchukue mfano wa Mzima, katika Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Chemchemi hizo hububujika katika nchi kame. Viboko, mamba na samaki huishi humo, na sehemu ya maji yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa, umbali wa zaidi ya kilomita 200, yakanywewa na watu. Lakini maji hayo ni mvua iliyonyesha juu ya milima ya Chyulu, iliyoko kaskazini. Milima hiyo ni ya volkano. Majivu na mawe yake yana vitundu na nyufa nyingi, hata haina mto wa kudumu. Mvua hunywea ardhini, ikasafiri chini kwa chini mpaka Mzima.

Kutokana na mfano huo twaweza kupambanua dhana zifuatazo:

(a) Maji ya ardhini: maji yaliyojaa katika vitundu na nyufa za udongo na miamba. Kwa kawaida si ziwa wala mto uliofichika, kama wengi wadhanivyo.

(b) Usawa wa maji ya ardhini: mpaka ambao chini yake kila kitundu kimejaa maji. Hupanda masika na kushuka kiangazi. Maji yakivutwa kwa pampu kupita kiasi kinachorudishwa na mvua, usawa huo hushuka mwaka hata mwaka. Visima vifupi hukauka, na chemchemi wanakonywa wanyama hupungua.

(c) Mwamba wa maji: baadhi ya waandishi husema akwifa. Fasili isiishie kwenye “mwamba unaoshika maji”, kwani udongo wa mfinyanzi hushika maji mengi lakini huyaachia kwa shida. Mwamba wa maji sharti uyashike na uyapitishe pia.

(d) Eneo la kujazia: ardhi ambayo mvua hupenya na kuujaza mwamba wa maji. Kwa Mzima, eneo hilo ni Chyulu.

(e) Chemchemi: mahali ambapo maji ya ardhini hufikia uso wa nchi na kutoka yenyewe.

Tofauti hizi si za maneno matupu. Anayeamini kwamba chanzo ni chemchemi ataizungushia ua na kuona kazi imekwisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja mita 60 za kulindwa kandokando ya mito na maziwa. Kipimo hicho chafaa ukingo wa mto; mlima ulio mbali hakiufikii. Msitu wa mlimani ukifyekwa, au mafuta na maji ya vyoo yakipenya katika eneo la kujazia, madhara yake huenda yasionekane kisimani ila baada ya miaka mingi. Na mwamba uliokwisha kuchafuka hausafishiki kwa urahisi.

Tena, maji ya ardhini hayajui mipaka ya nchi. Mvua ya Kilimanjaro, Tanzania, hulisha vinamasi vya Amboseli, Kenya, wanakonywa tembo hata wakati wa ukame.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba neno chanzo lisiachwe peke yake katika maandishi ya kitaalamu: mwandishi abainishe kama ni kisima, chemchemi au eneo la kujazia. Wasomaji ambao lahaja zao zina neno moja kwa dhana ya (d), tunawaomba watuletee.