Mgongo ukivunjika safarini, mpaka usiongeze maumivu

Kila siku malori ya mizigo huvuka Namanga, Malaba, Rusumo na Mutukula. Juu ya magunia ya mahindi na vitunguu mara nyingi huketi watu: mwenye mali, utingo, na abiria wanaokwepa nauli ya basi. Lori likipinduka, hao ndio hurushwa kwanza, na anayeangukia shingo au mgongo huweza kupooza maisha yake yote.

Katikati ya pingili za mgongo hupita mishipa ya fahamu inayounganisha ubongo na mwili. Ikibanwa au kukatika, miguu hukosa nguvu. Jeraha likiwa shingoni, hata mikono. Haja ndogo na kubwa nazo huwa hazizuiliki.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2013 kwamba watu kati ya 250,000 na 500,000 huumia uti wa mgongo kila mwaka. Hadi asilimia 90 ya majeraha hayo hutokana na ajali za barabarani, kuanguka na vitendo vya ukatili, mambo yanayoweza kuzuilika. Ripoti hiyo iliandaliwa pamoja na ISCoS, chama cha kimataifa cha wataalamu wa uti wa mgongo kilichoanzishwa mwaka 1961.

Ripoti ilieleza pia kuwa majeruhi hawa wana hatari ya kufa mapema mara mbili hadi tano zaidi ya watu wengine, na hali ni mbaya zaidi katika nchi maskini. Wengi huuawa na vidonda vya kulala upande mmoja na maambukizi ya njia ya mkojo, matatizo ambayo uuguzi mzuri huyazuia. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na familia ifundishwe usafi wa mpira wa mkojo.

Ushirikiano upo pia katika ukanda huu. Chuo cha madaktari wapasuaji cha COSECSA, chenye makao Arusha, hufundisha wapasuaji wa nchi nyingi kwa mtaala mmoja. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, hushirikiana na wapasuaji wa Weill Cornell wa New York. Nairobi ina hospitali ya taifa ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo. Moshi, chuo cha TATCOT kimefundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Lakini mtaalamu hawezi kurudisha kilichoharibiwa barabarani. Majeruhi anayelalamika shingo au mgongo, au asiyehisi miguu, asivutwe mikono wala kukalishwa kwenye bodaboda. Kichwa kishikwe kisiyumbe, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja akiwa amenyooka, alazwe juu ya ubao au mlango. Aondolewe haraka pale tu penye moto au hatari nyingine kubwa.

Mfanyabiashara ana la kufanya kabla ya safari. Aulize kama gari lina Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayotambuliwa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na DRC, na inayogharamia matibabu ya ajali nje ya nchi lilikosajiliwa. Kisha akae ndani, afunge mkanda. Magunia yakimwagika, mali hutafutwa tena.