Pwani ya Msitu wa Mvua: Meli Ndogo Katika Costa Rica

Pale ambapo bara la Amerika limekonda hata likawa kama daraja baina ya kaskazini na kusini, ipo nchi ndogo iitwayo Costa Rica. Upande wake wa kusini-magharibi imejitokeza rasi ya Osa, iingiayo katika Bahari ya Pasifiki, na msitu wake wa mvua umeshuka mpaka ufukweni. Wasafiri wapendao kutazama viumbe huizunguka pwani hiyo kwa meli ndogo, wala si kwa yale majumba yaeleayo yachukuayo maelfu ya watu.

Sababu yake ni wazi. Fukwe hizo hazina gati. Meli hutia nanga mbali kidogo, abiria wakashuka katika mashua za mpira, wakangoja wimbi lipite, kisha wakakanyaga maji mpaka magotini na kupanda pwani.

Msitu wenyewe umo katika Hifadhi ya Corcovado, iliyowekwa mwaka 1975, yenye zaidi ya hekta 40,000. Sehemu nyingine hupata mvua ipitayo milimita 4,000 kwa mwaka. Wamo kima wa aina nne, kasuku wakubwa wekundu warukao wawili wawili, na tapiri, mnyama mzito mwenye pua kama mkonga mfupi. Kuna na mti wa ajabu wa jamii ya mkuyu: mbegu yake huangushwa na ndege juu ya mti mwingine, ikateremsha mizizi mpaka chini, ikamkumbatia mwenyeji wake hata akafa. Upande wa pili wa rasi iko ghuba ya Golfo Dulce, ambamo nyangumi watokao bahari za kusini huja kulea watoto wao.

Lakini uzuri huo ulikuwa karibu kupotea. Katika miaka ya 1980 watu wengi waliokosa kazi waliingia hifadhini kutafuta dhahabu, wakachimba kando ya mito hata maji yakawa tope. Mwaka 1986 serikali iliwatoa. Msitu ukapona, walakini mtu aliyefukuzwa penye riziki yake hawezi kuambiwa ale majani. Ndiyo maana yafaa kutazama lililofuata: tangu mwaka 2014 hakuna mgeni aruhusiwaye kuingia Corcovado pasipo kiongozi mwenye kibali. Hivyo kijana aijuaye njia ya tapiri na sauti ya kila ndege amepata kazi kwa ujuzi huo, na mti uliosimama una faida kwake kuliko ulioanguka.

Jambo hili si geni kwetu. Karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, huko Gede, wakulima wamekuwa wakifuga vipepeo tangu mwaka 1993, na kuuza mabuu yao ng'ambo. Na vipepeo hao hawapatikani msitu ukikatwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Meli ije, wageni wastaajabu, wapige picha, warudi kwao. Lakini ikiwa mwenyeji hakupona kwa ujio huo, nani atakayeulinda msitu meli ikisha ng'oa nanga?