MTOTO ASIYETULIA: KABLA YA KUUZA MBUZI KWA AJILI YA VIDONGE



Kliniki yetu haikosi mzazi anayesema: "Sista, mtoto huyu hatulii, hasikii, na mwalimu amechoka naye. Nimeambiwa dawa ipo. Ni shilingi ngapi?" Wengi wanaouliza hivyo hawana bima, na wako tayari kuuza mbuzi au kuweka shamba rehani. Mwezi huu tunawashauri: msiuze kitu kabla ya kujua fedha yenu itanunua nini.

Je, ni ugonjwa gani?

Wapo watoto ambao ubongo wao hushindwa kushika jambo moja kwa muda na kuzuia msukumo wa kutenda. Wataalamu huita hali hiyo ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Si pepo, si kurogwa, na fimbo haiiponyi. Lakini si kila mtoto mtundu ana ADHD. Daktari hutafuta dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zilizodumu zaidi ya miezi 6, na zinazoonekana nyumbani na shuleni pia.

Kwanza tafuteni chanzo kingine

Mkoa wetu una malaria nyingi. Utafiti uliofanyika Mulago, Kampala, na kutangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba, miaka 2 baada ya kuugua malaria ya ubongo, kama mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika uwezo wa kufikiri, hasa umakini. Basi mweleze mganga kama mtoto aliwahi kupoteza fahamu au kupata degedege.

Apimwe pia masikio, macho na damu. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Ipo pia aina ya kifafa isiyoangusha: mtoto huduwaa tu kwa nukta chache. Na kama anatumia fenobabitoni kwa ajili ya kifafa, fahamuni kwamba dawa hiyo yenyewe huweza kumfanya mtoto asitulie. Msiikatishe ghafla, maana degedege laweza kuja mfululizo. Mwambieni daktari, yeye ataangalia kama inafaa kubadilishwa. Mengi ya haya huanzia zahanati au kituo cha afya, bila safari ndefu.

Dawa yenyewe

Dawa inayojulikana zaidi ni methilifenideti. Ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba huko Uswisi, ikaitwa Ritalin kwa jina la mkewe, Rita. Ni dawa ya zamani, na viwanda vingi huitengeneza. Hata hivyo hudhibitiwa kisheria, na huandikwa na daktari anayeijua. Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na tena mwaka 2021. Msiitafute kwenye duka la dawa muhimu, wala msiinunue kwa mtu anayeuza kwa siri.

Dawa hii haiponyi. Humsaidia mtoto kutulia na kushika masomo kwa saa chache, kisha nguvu yake huisha. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa saa 4 hivi. Huweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, kwa hiyo mtoto hupimwa uzito, mapigo ya moyo na shinikizo la damu mara kwa mara.

Fanyeni hesabu

Tuchukue mfano wa familia ya Kidahwe inayoishi kwa mihogo, maharage na mawese. Mtoto akiandikiwa vidonge 2 kwa siku, kwa mwaka ni vidonge 730. Ongezeni nauli ya watu 2, kwenda na kurudi, kila dawa inapokwisha. Kutoka Kidahwe hadi Kigoma mjini ni kilometa 28 hivi, lakini mkitumwa Dodoma au Dar es Salaam, nauli huweza kuzidi bei ya dawa. Mbuzi mmoja hulipa mwezi wa kwanza. Je, wa pili?

Kwa hiyo mwulizeni daktari mambo haya:

1. Je, mtoto anaweza kutumia dawa siku za shule tu? Mwaka wa masomo una siku 194, basi vidonge 2 kwa siku huwa 388. Daktari ndiye anayeamua.

2. Je, ipo dawa yenye jina la kawaida badala ya jina la kampuni?

3. Je, hospitali ya Maweni inaweza kufuatilia uzito na presha, ili safari ndefu zipungue?

Asiyeweza kulipa aende kwa mtendaji wa kijiji kupata barua, kisha amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Utaratibu wa msamaha umekuwepo tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993. Lakini msamaha hausaidii ikiwa dawa haipo hospitalini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Kabla ya kulipia kadi yoyote ya bima, ulizeni kama dawa hii imo.

Tiba isiyouzwa

Shirika la Afya Duniani lenyewe hushauri kuanza na mafunzo ya wazazi na msaada wa shuleni. Mpe mtoto agizo moja fupi, ukimtazama usoni. Kazi ya kuchambua dagaa igawe vifungu vidogo. Akifanya vema, msifu papo hapo. Saa za kula, kusoma na kulala zisibadilike. Mwombe mwalimu amketishe mbele na kumtuma mara kwa mara, hata kufuta ubao. Endeleeni hivyo kwa miezi, si kwa juma moja, na msiache hata akianza vidonge.

Jumuiya ndogo ndogo nazo zina kazi. Mchangieni jirani nauli ya kliniki, na msimwite mtoto wake mwendawazimu. Akina mama wa WAWATA wanaweza kumshika mtoto huyo mchana mmoja, ili mama yake apumzike.

Mbuzi abaki zizini mpaka mtoto apimwe na hesabu ya mwaka mzima ijulikane. Njooni kliniki na daftari lake la shule pamoja na kadi yake ya tangu utotoni. Tutaanzia hapo.