Seng'enge Haizai Matunda

Ukipita mashambani siku hizi, ndugu msomaji, utaona nguzo na seng'enge kila upande. Mwenye shamba hujivuna kwamba amejenga ua wa kisasa. Lakini seng'enge huota kutu, na usiku mmoja tu mwizi aweza kuikata, akaikunja akaenda kuiuza. Nani atauiba mtandamboo?

Mti huu ni wetu. Wakikuyu huuita mukawa, Wajaluo ochuoga, Wamasai olamuriaki. Wengi waliochunga mbuzi utotoni wanaujua kwa matunda yake madogo, mekundu kwanza, yakiiva ni meusi ya zambarau, matamu, yenye utomvu mweupe unaonata midomoni. Mtoto aliyerudi jioni na ulimi wa zambarau hakuhitaji kuulizwa alikokuwa. Maua yake ni meupe, nje yana wekundu, na hunukia vizuri ajabu. Mizizi nayo Wamasai huichemsha katika supu.

Miiba yake yaweza kufika sentimita tano, nayo matawi husukana hata ng'ombe asipate njia. Ndani ya msukano huo ndege wadogo hujenga viota ambavyo paka havifikii kwa urahisi. Nyuki hufuata maua, kwale hujificha chini, na shore hula matunda kisha huenda kuangusha mbegu kwingine. Ua wa waya hauna hata mjusi wa kuusifu.

Ni kweli tumewahi kupanda nyua za miti. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipoleta kupima na kuandikisha mashamba, wengi walipanda kayaba mipakani. Kayaba ni mgeni kutoka kusini mwa Afrika, lakini ni mlinzi hodari na sina ugomvi naye. Si kila mgeni aliyekuwa mwema hivyo. Mathenge, mti wa miiba kutoka bara la Amerika, ulipandwa Baringo mapema katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, ukameza malisho na kuharibu meno ya mbuzi. Wenyeji waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani awe ushahidi!

Mwenye robo eka atasema ua wa miti unakula ardhi. Hakosei. Usipokatwa, mtandamboo hutambaa ukaingia kwenye mahindi, na jirani naye atalalamika. Panga ni lazima. Ila ukikata kila mara pande zote, hutaona ua wala tunda. Afadhali ukate baada ya mavuno, tena upande wa shamba zaidi.

Kuupanda si kazi ngumu, ni kazi ya subira, kwani hukua polepole. Chuma matunda yaliyoiva, osha mbegu, uzipande kitaluni mara moja, maana hazikai sana ghalani. Mvua ndefu zikianza, hamisha miche, kila mmoja futi moja kutoka kwa mwenzake, mistari miwili iliyopishana. Hapo adui ni mbuzi, ambaye hupenda majani machanga kabla miiba haijakomaa. Zungushia matawi makavu ya miiba mpaka miche ipite kimo cha goti. Baadaye matawi hayo yatakufaa kwa kuni.